Namba ya Uthibitisho Imekwenda kwa Nani?

Ilikuwa jioni ya Jumatano, nasi tulikuwa tumekaa jikoni hapa Mbulu tukichambua vitunguu saumu vya kupeleka sokoni. Binti yetu akaingia mbio. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, na habari aliyotuletea ni kwamba amechaguliwa na vyuo vikuu viwili. Tulimshukuru Mungu, tukabandika chai ya maziwa, na baba yake akapiga simu kwa ndugu wote hadi Katesh. Lakini furaha ile haikufika asubuhi.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ina utaratibu wake kwa kijana aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja. Anatakiwa athibitishe chuo kimoja tu, katika siku zilizotangazwa. Ili athibitishe, hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe, kupitia namba ya simu au anwani aliyoiandika siku ya kuomba.

“Na hiyo namba iko wapi?” tulimwuliza.

“Haijaja, Mama,” akajibu, macho chini.

Haikuja kwa sababu haikutumwa kwetu. Wakati wa kuomba chuo binti hakuwa na simu, kwa maana ametoka shule ya bweni ambako simu hairuhusiwi. Sisi wenyewe tulimpa nauli na fedha ya fomu, akaenda steshenari, na kijana wa pale akamjazia kila kitu. Alipofika penye nafasi ya namba ya simu, akaandika yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kazi iende haraka. Lakini sasa steshenari ilikuwa imefungwa, kijana amehama kutafuta maisha, na laini yake haipatikani. Siku zilizobaki zilikuwa tano.

Je, mama mpendwa, jambo la namna hii limewahi kukupata? Kama halijakupata kwa mtoto wa chuo, huenda limekupata kwa barua pepe iliyokataa kufunguka, au kwa WhatsApp iliyodai namba usiyoiona. Tumeona tuandike yale tuliyojifunza katika siku zile tano, maana namba hizi zimeingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, wala hakuna aliyetufundisha.

Ni namba gani hasa?

Zamani mlango wa akaunti ulikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ni nenosiri. Ubaya wa nenosiri ni kwamba likiibwa mwenyewe hajui. Mwizi wa kuku huacha banda wazi, lakini mwizi wa nenosiri haachi alama. Kwa hiyo benki, vyuo, ofisi za serikali na makampuni ya mitandao yakaongeza ufunguo wa pili. Wa kwanza ni kitu unachokijua, yaani nenosiri. Wa pili ni kitu ulicho nacho mkononi, yaani simu yako.

Unapotaka kuingia, mtambo hutunga namba, mara nyingi yenye tarakimu sita, na kuituma kwenye laini yako. Ukiiandika, mtambo unaamini kwamba anayeingia ndiye mwenye simu. Namba hiyo hutumika mara moja, na baada ya muda mfupi hufa. Kuibahatisha ni kazi bure. Tarakimu sita hutoa namba milioni moja, kuanzia 000000 hadi 999999, na mtambo humfungia mlango anayekosea mara kadhaa.

Tusiichanganye na namba ya siri ya kutolea fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008, akina mama tumezoea kuwa na namba ya siri. Ile unaichagua mwenyewe na unaiweka kichwani. Namba ya uthibitisho hutungwa na mtambo, na kila safari huja mpya. Lakini zote mbili zina sheria moja, kwamba hazisomwi kwa mtu mwingine.

Hufuata laini, haimfuati mtu

Hapa ndipo tulipopata somo letu kubwa. Sisi tulidhani kwamba kwa kuwa jina kwenye fomu ni la binti yetu, basi namba itamtafuta yeye. Sivyo. Mtambo haumjui binti, haujui sura yake wala sauti yake. Unachokijua ni namba ya simu iliyoandikwa siku ya kwanza. Anayeishika laini hiyo ndiye anayepokea ufunguo, awe mwenyewe, awe kijana wa steshenari, awe mgeni kabisa. Maana laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na baadaye namba yake huweza kupewa mtu mwingine.

Tulipoanza kuulizana katika kikundi chetu cha akina mama, tuliona kwamba hatukuwa peke yetu. Mmoja barua pepe yake imefungwa kwa laini ya shemeji aliye Arusha. Mwingine akaunti yake ya benki bado ina namba aliyoitupa miaka mingi iliyopita. Wako pia wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto, kwa sababu wakati wa kusajili kwa alama za vidole, zoezi lililoanza Mei 2019, wao walikuwa bado hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa. Yote hayo yanaonekana madogo mpaka siku ya haja.

Basi dada, unapokwenda steshenari au kwa wakala kujaziwa fomu yoyote, usiondoke kabla ya kuuliza swali hili: “Hapo umeandika namba ya nani?” Mwombe akuonyeshe kwa macho. Na kama mtoto hana simu, iandikwe ya mama au ya baba, ile ambayo haitabadilika.

Namba isipokuja

Huenda namba iliyoandikwa ni yako kabisa, nawe umekaa unaisubiri, lakini haiji. Usikate tamaa wala usianze kubonyeza ovyo. Pitia mambo haya moja baada ya jingine, kama vile tunavyotafuta kwa nini jiko halishiki moto.

Kwanza, tazama mtandao. Nchi yetu ni ya milima na mabonde, na mahali pengine simu hushika ukiwa mlangoni ikapotea ukiwa chumbani. Zima simu, uwashe tena, nenda palipoinuka, kisha jaribu kupiga simu ya kawaida. Ikiita, mtandao upo.

Pili, itazame namba uliyoandika. Namba zetu zina tarakimu 10 zikianza na sifuri. Lakini mifumo mingi hutaka uanze na 255, ambayo ni namba ya Tanzania, na hapo sifuri ya mwanzo huondolewa, zikabaki tarakimu tisa baada ya 255. Mwenye kuandika 255 kisha akaweka na sifuri yake, ujumbe wake unaweza kupotea njiani.

Tatu, angalia kama simu imejaa. Simu ndogo, hizi tunazoziita vitochi, zina nafasi chache za meseji. Zikijaa, ujumbe mpya hukwama nje hadi ufute ya zamani.

Nne, kumbuka laini zako. Wengi tuna laini mbili au tatu, tukibadilisha kufuata vifurushi. Huenda namba imetumwa kwenye laini iliyo kabatini, ndani ya kikombe pamoja na vifungo vya nguo. Itoe, uiweke kwenye simu, usubiri.

Tano, uwe na subira. Katika mifumo mingi, ukiomba namba mpya, ile ya kwanza hufa palepale. Mama mwenye haraka huomba mara nne, kisha meseji nne humfikia pamoja, naye huandika ile ya kwanza, akaambiwa amekosea. Omba mara moja, ngoja dakika kadhaa, na zikija nyingi tumia ya mwisho. Ukirudia mno, mtambo utakufungia kwa saa kadhaa ukidhani wewe ni mwizi.

Sita, tafuta njia nyingine iliyopo. WhatsApp, kwa mfano, huweza kukupigia simu na kukusomea namba kwa sauti badala ya kuituma kwa maandishi. Na kwa upande wa vyuo, TCU imewahi kuelekeza kwamba kijana ambaye ujumbe haujamfikia aingie katika mfumo wa udahili wa chuo anachokitaka na kuomba kutumiwa namba upya.

Iko pia njia inayotufaa sana sisi wa mabondeni. Kuna programu za simu janja, kama Google Authenticator, ambazo hutunga namba ndani ya simu yenyewe, mpya kila baada ya sekunde 30. Hazihitaji mtandao wala meseji. Zinachotegemea ni saa ya simu, kwa sababu simu na mtambo hukokotoa namba kwa kufuata wakati. Kwa hiyo namba za programu hiyo zikikataliwa kila mara, usilaumu nenosiri. Tazama saa na tarehe ya simu yako. Mtoto akiichezea saa ikasogea mbele dakika chache tu, namba zote zitakataliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, na kwa kawaida mambo hutengemaa.

Namba ikija bila kuitwa

Sasa tuseme juu ya hatari iliyo kinyume cha hiyo. Kuna siku namba itakuja nawe hukuiomba. Umekaa unapika, simu inalia, kumbe ni tarakimu sita. Muda mfupi baadaye unapata ujumbe kutoka kwa mama mwenzako wa kwaya: “Mama, samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, naomba unisomee haraka.”

Ewe dada, usisome! Huyo anayeandika siye mwenzako. Akaunti ya mwenzako imekwisha kutekwa, na mwizi yuko ndani yake anatafuta wa pili. Ukimpa zile tarakimu, ataifungua WhatsApp yako kwenye simu yake, nawe utatolewa nje. Kisha ataingia katika vikundi vyako vyote kwa jina lako na kuomba fedha: nina mgonjwa, nimekwama, nitarudisha kesho, tuma kwenye namba hii. Na nani kati yetu hajawahi kuwa na ndugu aliyelazwa hospitali ya Haydom? Watu watatuma, kwa sababu wanakupenda. Mwizi huyu haibi fedha tu, huiba na upendo tuliouweka akiba kwa wenzetu.

Wengine hupiga simu kabisa, wakijitambulisha kuwa ni wafanyakazi wa kampuni ya simu au wa benki. Husema laini yako itafungwa, au umeshinda zawadi, na kwamba wanahitaji “namba iliyoingia sasa hivi”. Fikiri kidogo: kama kweli ni wao walioituma, wana haja gani ya kusomewa? Kata simu. Ukiwa na wasiwasi, piga wewe mwenyewe huduma kwa wateja kwa namba 100.

Sisi tumejiwekea kanuni fupi nyumbani, na hata mdogo wetu wa darasa la tatu anaijua: Namba niliyoiomba naiandika mwenyewe, namba nisiyoiomba simpi mtu. Hatuulizi anayeomba ni nani. Awe mchungaji, awe mjomba, jibu ni lilelile. Na tukitaka kujua kama kweli ni mjomba, tunampigia tusikie sauti yake.

Na kama umekwisha kuisoma? Usione haya ukakaa kimya, maana ukimya ndio unaompa mwizi muda. Fungua WhatsApp upya kwenye simu yako kwa namba yako ileile, na namba ya uthibitisho ikija uiandike. Mwizi atatolewa mara hiyo. Akiwa ameweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, utangoja siku 7 kabla ya kuingia, lakini naye hatakuwamo. Wakati huohuo wapigie viongozi wa vikundi vyako wawaonye wengine. Namba ya tapeli na ujumbe wake vitumwe kwa 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Na palipopotea fedha, nenda polisi. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na utapeli wa namna hii ni kosa.

Simu ikipotea

Hapa kwetu hatuwezi kusahau Jumapili ya Desemba 3, 2023. Baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikaingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Msiba ule ni mkubwa kuliko habari ya simu, wala hatutaki kuulinganisha. Lakini aliyeokoka huku nyumba yake imekwenda, alibaki na kazi ya kuanza upya bila simu, bila karatasi, bila kitabu cha benki.

Siku kama hiyo ndipo unapoonekana umuhimu wa laini kuwa kwa jina lako. Simu ni chombo tu, inanunulika. Namba ndiyo mali, nayo hurudishwa. Aliyesajiliwa kwa alama za vidole vyake huenda kwa wakala wa kampuni yake ya simu na namba yake ya kitambulisho cha taifa, akaweka kidole, akapewa laini mpya yenye namba ileile, na namba zake za uthibitisho zikaanza kumfikia tena. Lakini aliyesajiliwa kwa jina la mtu mwingine hana kidole cha kuweka. Atamtafuta mwenye jina, na huenda mwenye jina yuko mbali, au naye hayupo tena.

Kazi ya jioni moja

Tunakushauri, mama, utenge jioni moja, wewe na baba watoto, mketi mezani. Hili halionyeshi kutoaminiana; ni kama kuweka vyeti vya watoto mahali pamoja.

Chukueni daftari. Andikeni kila akaunti ya nyumba: barua pepe, benki, WhatsApp, mfumo wa chuo au wa mikopo ya wanafunzi. Mbele ya kila moja andikeni namba ya simu iliyofungwa nayo. Msiandike nenosiri humo. Kila mtakapokuta namba ya mtu wa nje, au ya laini iliyokufa, badilisheni mapema, wakati bado mnaweza kuingia. Mlango ukishafungwa, kubadilisha ni kazi kubwa.

Kisha pigeni *106# kwenye simu. Mtaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na kama ipo msiyoijua, mtoe taarifa.

Katika WhatsApp, fungueni mipangilio ya akaunti, muweke uthibitishaji wa hatua mbili. Mtachagua namba ya siri ya tarakimu sita, na mtaombwa barua pepe ya kuwaokoa mkisahau. Msiruke barua pepe hiyo. Mkiwa na akaunti ya Google, ombeni namba za akiba. Hutolewa 10 kwa pamoja, kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja. Ziandikeni kwenye karatasi, muifungie kwenye sanduku pamoja na vyeti. Siku simu itakapopotea, karatasi hiyo itafanya kazi ya simu.

Mwisho, msimsahau bibi. Yuko bibi asiyeweza kusoma meseji, ambaye humpa simu yake yeyote aliye karibu amsomee. Chagueni mtu mmoja wa nyumbani, mwaminifu, awe macho yake, na bibi ajue kwamba hakuna mwingine.

Je, binti yetu alipataje?

Siku ya pili tulimtafuta kijana wa steshenari kwa ndugu zake bila kumpata. Siku ya tatu tulishinda na simu ya chuo tukiambiwa tusubiri. Siku ya nne mama mmoja wa ofisi ya udahili alipokea, akasikiliza habari yote bila kutukaripia. Akamwuliza binti namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, jina la shule na tarehe ya kuzaliwa, akamtaka atume nakala ya cheti na barua fupi. Jioni yake namba ya simu ikabadilishwa katika mfumo, ikawekwa ya kwetu.

Siku ya tano tulipanda kilimani nyuma ya nyumba, penye mtandao mzuri, sisi wote na mdogo wa darasa la tatu. Saa tisa alasiri simu ikalia. Binti aliandika zile tarakimu polepole, akazikagua mara mbili, akabonyeza. Chuo kikathibitika.

Mdogo wake akataka amsomee namba ile, aione ilivyo. Dada yake akaigeuza simu kifudifudi akamwambia kanuni ya nyumbani. Wiki iliyofuata tulimpeleka mjini akasajili laini kwa kidole chake mwenyewe.